Nilimwacha daktari wangu, sasa nataka kumrudia

Yaya, dada yetu mkubwa wa safu hii, jambo sana.

Mimi ni mama wa miaka 54, naishi Cimpunda, hapa Bukavu. Tangu mume wangu alipofariki nauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, katika soko la Kadutu, na kwa sambaza hizo hizo nimesomesha watoto. Nina ugonjwa wa sukari. Waliuvumbua siku nilipoenda kupimwa macho, nikidhani nahitaji miwani tu.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mikononi mwa daktari mmoja kijana, wa umri wa mwanangu wa kwanza. Aliniheshimu. Aliniita Mama, akaniuliza habari za soko kabla ya habari za sukari. Siku moja alinichorea sahani kwenye karatasi: nusu yote lengalenga au mboga nyingine, upande huu samaki, upande huu bugali, na bugali isizidi ngumi yangu. Karatasi hiyo iko ukutani jikoni mpaka leo.

Halafu mambo yakaharibika. Pesa ziliniishia, nikaanza kumeza kidonge kimoja badala ya viwili ili dawa zifike mwisho wa mwezi. Sikumwambia, niliona haya. Alipoona vipimo, sukari ilikuwa juu sana. Akapandisha sauti, mlango uko wazi, benchi la nje limejaa watu: "Mama, kama unataka kufa, usinipotezee muda!" Kwenye benchi alikuwepo mama tunayesali naye kanisa moja. Nilitoka bila kujibu. Pia nilikuwa na deni la vipimo, dola 35, niliahidi kulilipa mwezi uliofuata. Sikulilipa, na sikurudi tena.

Jirani akanipeleka kwa mtu anayeuza unga wa majani. Yeye aliniambia niache vidonge vyote vya hospitali, ati vinapigana na majani. Mwanzoni nilijisikia mwepesi. Baadaye kiu ikarudi, usiku naamka kukojoa kila mara, macho yanaona ukungu. Sasa nina kidonda kwenye kidole cha mguu wa kulia. Jiwe lilinikata nikiwa nimevaa kandambili, wala sikusikia, mwanangu ndiye aliyeona damu sakafuni. Hakiumi, lakini wiki zinapita hakikauki. Nilipoenda kwenye kituo cha afya cha karibu, mama muuguzi alipima sukari, akatikisa kichwa, akaniambia: "Rudi kule fishi yako iliko," yaani kule lilikobaki faili langu la matibabu, kwa daktari yule.

Yaya, naogopa kurudi. Siku moja zamani nilimsikia daktari yule akimwambia muuguzi juu ya mgonjwa mwingine: "Huyu alituacha, sasa anarudi akiwa ameharibika." Sasa mimi ndiye huyo. Mwanangu mkubwa anasema atangulie yeye kuniombea msamaha. Mchungaji naye yuko tayari kwenda. Jirani yule yule ananishauri niende hospitali nyingine, nifungue fishi mpya kwa jina la mdogo wangu, nianze kama mtu asiyejulikana. Mimi mwenyewe nilifikiri nimpelekee daktari kuku na beseni la sambaza.

Wewe uliyekaa na madaktari, niambie ukweli. Wanamwonaje mtu aliyewaacha kisha akarudi? Wanamchukia? Wanamtibu kwa moyo, au wanatimiza kazi tu?

Mama wa Sambaza, Cimpunda


Mdogo wangu,

Nitaanza na kidonda, kwa sababu hicho hakitangoja moyo wako utulie. Mtu wa sukari mwenye kidonda cha mguu kisichopona anatakiwa aonwe sasa, wiki hii hii, na kama barua hii unaisoma asubuhi, leo. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu ya miguu, ndiyo maana hukusikia jiwe. Inaharibu pia mishipa ya damu, ndiyo maana nyama ya kidole haipati cha kujijengea. Umeniandikia "hakiumi" kana kwamba ni nafuu. Mimi neno hilo ndilo lililonitia hofu kuliko yote. Ukiona ngozi inageuka nyeusi, wekundu unapanda mguuni, usaha, harufu, homa au kutetemeka, usingoje zamu ya daktari wako wala siku ya kliniki. Panda pikipiki uende dharura ya hospitali iliyo karibu nawe, hata kama hakuna anayekujua pale. Kwa sasa kioshe kwa maji safi na sabuni, ukikaushe, ukifunike kwa kitambaa safi, na usiukanyagie mguu huo. Usipake unga wa majani, wala majivu, wala dawa ya meno. Usiuloweke kwenye maji moto: mguu uliokufa ganzi utaungua na hautakuambia.

Na kama kuna vidonge vilivyobaki kabatini, usivirudie kwa kukisia. Kuna dawa ya sukari inayoitwa glibenclamide, inaweza kuishusha sukari mpaka mtu akazimia, na nyingine, metformin, haifai kwa mtu ambaye figo zake zimechoka sana. Wapime kwanza, ndipo wakuambie uanzie wapi.

Sasa tuje kwa daktari.

Kazi yangu ilikuwa uuguzi, hapa hapa Bukavu, na muuguzi ndiye anayebaki chumbani mgonjwa akishatoka. Maneno ambayo daktari hawezi kumwambia mgonjwa humwambia yeye. Mgonjwa wa sukari akikosa kliniki, akakosa tena, swali linaloulizwa chumbani humo ni moja: bado yuko hai? Katika mji wetu mtu hupotea kwa sababu nyingi. Ameishiwa, amehamia kijijini, amezikwa na hakuna aliyeleta habari. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini, mabenki yakafungwa na watu wengi wakakimbilia Burundi, madaktari wamebaki na fishi ambazo wenyewe hawajulikani waliko. Nimeona daktari akishika fishi ya namna hiyo, akiita muuguzi anayekaa mtaa mmoja na mgonjwa: "Hujamwona mama yule anayeuza sokoni?" Kwa hiyo ukisukuma mlango, kitu cha kwanza kitakachompata daktari yule ni kushusha pumzi. Siahidi kwamba utakiona usoni pake. Huwa kimefunikwa na vingine.

Na hivyo vingine vipo, sitakuficha. Kuna uchungu. Yule aliyechukua kalamu akakuchorea sahani, akakumbuka kwamba wewe ni mtu wa bugali na sambaza, alikuwa ametia moyo wake katika jambo hilo. Mtu akitia moyo kisha akaachwa kimya, huumia, hata kama ana shahada ukutani. Zaidi ya hapo daktari kijana hujilaumu. Hujiuliza: dawa ndiyo ilikuwa mbaya? Ni yale niliyosema? Wengine hujibu swali hilo kwa kumlaumu mgonjwa, kwa sababu kumlaumu mgonjwa huuma kidogo kuliko kujilaumu. Maneno uliyoyasikia, "alituacha, sasa anarudi akiwa ameharibika", yanatoka huko. Ni maneno mabaya na hayakupaswa kufika masikioni mwa mgonjwa yeyote. Lakini mimi nimeyasikia mara nyingi, na mara nyingi aliyeyasema alikuwa anahuzunikia mguu ambao mapema ungeokolewa, au macho ambayo mapema yangeokolewa. Alikuwa amechelewa pamoja na mgonjwa wake.

Kinachowachanganya wagonjwa wanaorudi ni ubaridi. Unaingia umejiandaa kwa ghadhabu, unakuta mtu anayeandika bila kuinua macho, anauliza kwa kifupi, hakuulizi habari za soko. Unasema moyoni: kumbe amenichukia. Mara nyingi si chuki. Anajizuia. Alikupa moyo mara ya kwanza ukaondoka, sasa anapima kama utaondoka tena. Umeniuliza kama madaktari wanamtibu aliyerudi kwa moyo au kwa kutimiza. Siku ya kwanza huenda ikawa kwa kutimiza, na hiyo si dharau. Daktari anayesafisha kidonda vizuri, anayeandika dawa sahihi na kukupa tarehe ya kurudi, amekutendea haki yako yote, hata kama hakucheka nawe. Moyo hurudi ziara ya pili, akikuona tena kwenye benchi kwa tarehe ile ile aliyokupa. Hakuna msamaha unaoweza kuombwa kwa maneno ukamfanyia kazi kama tarehe hiyo.

Mambo haya si ya Bukavu peke yake. Miaka ya 1950, kule London, daktari mmoja mzaliwa wa Hungaria, Michael Balint, alianza kuwakutanisha madaktari wa kawaida, wale wa homa na tumbo, wakae duara wazungumzie wagonjwa wanaowasumbua moyo. Vikundi vya namna hiyo vingali vinakutana katika nchi nyingi, kwa sababu ilionekana kwamba daktari asiyejua anachohisi anamtibu mgonjwa kwa hisia hiyo bila kujijua. Mwaka 1978 daktari wa akili wa Marekani, James Groves, aliandika wazi katika New England Journal of Medicine kwamba wako wagonjwa ambao madaktari hufikia kuwaogopa na hata kuwachukia, wakiwemo wale wanaoonekana kujiangamiza wenyewe, na kwamba hatari iko katika kuificha hisia hiyo. Nakuambia haya ili ujue kwamba hisia ya daktari juu yako ni kitu cha kweli, na kwamba kuibeba ni kazi yake. Katika deni lako lote, hilo halimo.

Deni lako wewe ni ukweli, mdogo wangu. Na hapa sitakuwa mpole sana.

Siku ile alipokupigia kelele, alikuwa anatazama sukari iliyopanda wakati yeye anaamini unameza vidonge viwili. Hakujua unameza kimoja. Daktari aliye katika hali hiyo ana njia mbili: aseme mgonjwa anakula vibaya, au aongeze dawa. Fikiri angeongeza. Halafu siku moja upate pesa, umeze zote kama zilivyoandikwa. Sukari ingeporomoka usiku na watoto wako wangekukuta asubuhi huamki. Aibu ya kusema "Dokta, sina pesa ya dawa zote" ni aibu ya dakika moja, na daktari wa hapa kwetu huisikia kila siku. Mara nyingi kuna dawa nyingine ya bei nafuu zaidi, au namna ya kupanga ununuzi, lakini lazima ajue.

Sijasema kwamba alifanya vema. Alikosea. Mlango ungefungwa. Tamko la Geneva, kiapo ambacho madaktari wa dunia walikiandika mwaka 1948, linamwagiza daktari atunze siri alizokabidhiwa, na sukari yako ni siri yako, si ya benchi. Hofu yake kwa ajili yako ingeweza kusemwa kwa sauti ya chini. Nataka umwambie jambo hilo. Si siku ya kidonda, labda, bali mkishatulia. Najua ilivyo vigumu kwetu kumwambia daktari kitu kama hicho, hata akiwa wa umri wa mtoto wako. Sentensi moja inatosha: "Dokta, siku ile maneno yako yaliniuma mbele ya watu, ndiyo sababu mojawapo sikurudi." Ukishaisema, nyamaza, umwachie nafasi. Nimewaona madaktari wakiinamisha kichwa baada ya sentensi kama hiyo. Na nimemwona mmoja aliyejitetea kwa ukali, kisha wiki iliyofuata akaweka pazia mlangoni.

Fishi ya jina la mdogo wako uiache kabisa. Nasema kwa nguvu, kwa sababu najua wengi wanaosoma hapa wamewahi kufikiri hivyo. Siku mdogo wako atakapofikishwa hospitali hajitambui, watafungua fishi yake na kukuta ana sukari, watamtibu ugonjwa ambao si wake. Na wewe fishi yako ya kweli ina vipimo vya figo, ina dawa iliyowahi kukudhuru, ina mwanzo wa macho yako. Daktari mpya asiye na hayo anaanza gizani. Tena damu yenyewe haijui kuficha. Kuna kipimo kinachoitwa HbA1c, kinasoma sukari iliyojishika kwenye chembe nyekundu za damu. Chembe hizo huishi siku 120 hivi, kwa hiyo kipimo kinaonyesha wastani wa miezi miwili au mitatu iliyopita. Mtu anaweza kufunga kula siku mbili kabla ya kliniki ili sukari ya asubuhi ionekane nzuri, kipimo hicho kitasema mengine. Hakipatikani kila mahali hapa mjini na si cha bei ndogo, lakini ukikutana nacho usione kama umekamatwa. Mwambie daktari mwenyewe kabla ya mashine.

Unga nao upeleke. Upeleke ukiwa kwenye pakiti au kopo lake, usiutupe njiani kwa haya. Utadhani nataka daktari aucheke. Hapana. Metformin, dawa ambayo wengi wenu mnaimeza, historia yake inaanzia kwenye mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, uliotumiwa na waganga wa zamani. Daktari mwenye akili hadharau majani. Anachotaka kujua ni umemeza nini. Mwaka 2008 huko Singapore watu wengi walifikishwa hospitali sukari imeshuka vibaya, wengine wakafa, na hawakuwa wagonjwa wa sukari: vidonge walivyonunua mitaani, vingine vikiuzwa kama dawa za asili za nguvu za kiume, vilikuwa vimechanganywa na glibenclamide. Sisemi unga wako una kitu kama hicho. Nasema kwamba wewe na mimi hatujui kilichomo, na ule wepesi uliousikia mwanzoni daktari atataka kuuelewa kabla hajakuandikia chochote juu yake. Na huyo mtu aliyekuambia uache vidonge vyote, usirudi kwake. Anayeuza dawa yake kwa kukuamuru uache nyingine amekuweka hatarini, hata kama ana roho nzuri.

Kuhusu wajumbe. Naelewa mwanao, na namheshimu mchungaji. Kwetu mtu akikosana na mkubwa, anatanguliza mtu. Lakini hapa hakuna kesi ya kusuluhisha. Mchungaji akiingia kukuombea msamaha, daktari atajikuta anahukumiwa au anahukumu, na foleni inamngoja. Mchukue mwanao aende nawe, si mbele yako. Kazi yake iwe kusikiliza na kukumbuka yatakayosemwa, maana mtu mwenye hofu hutoka chumbani akiwa amesahau nusu. Kuku abaki nyumbani kwanza. Zawadi inayotangulia matibabu humfunga daktari, na wewe pia inakufunga: akikuambia neno gumu utaona amekula bure. Kidonda kikishapona, ukitaka kumpelekea sambaza kwa shukrani, hapo ni ukarimu wa kawaida wa Kivu na hakuna atakayeushangaa.

Zile dola 35, nadhani ndizo zinazokuzuia kuliko kelele zile. Umezitaja kwa mstari mmoja, ukapita haraka. Nakujibu kama mtu aliyekuwa ndani: daktari mara nyingi hajui nani anadaiwa nini. Anayejua ni mtu wa dirisha la malipo. Hata hivyo deni hilo si hewa. Hospitali zetu nyingi zinaishi kwa kile wagonjwa wanacholipa, na primu za wauguzi, ile nyongeza ya mshahara, zinatoka humo humo, kwa hiyo usilifanye kama halipo. Nenda kwenye dirisha kabla ya kuitwa, au uulize mfanyakazi wa huduma ya jamii kama hospitali ina mmoja, useme: "Nina deni la zamani, nataka kulilipa kidogo kidogo, leo nina hizi." Hata dola tano mkononi hubadilisha mazungumzo. Omba risiti. Wakikuambia huwezi kuonwa mpaka umalize deni lote, waonyeshe kidonda, omba kuonana na daktari wa zamu. Najua pia kwamba nchini mwetu wako wagonjwa waliozuiliwa hospitalini kwa ajili ya malipo, na hofu hiyo haikutoka hewani. Ndiyo maana nataka mwanao awe nawe, na ndiyo maana nataka uende wakati bado ni kliniki ya asubuhi, kabla kidonda hakijageuka kuwa kitanda cha hospitali ambacho gharama yake hutaiweza. Ukimaliza hayo, uliza kanisani au mtaani kuhusu mutuelle, ule mfuko wa afya wa kuchangia kila mwaka. Kama mlango wake wa kuandikisha uko wazi, ingia na watoto.

Inawezekana pia ukifika ukamkosa. Amehamishwa, amevuka mpaka, amekwenda kusoma. Katika hali hiyo usigeuze njia. Fishi yako haikuhama naye.

Na kama yuko lakini akakukataa? Nimeona hilo mara chache mno, lakini limewahi kutokea. Tamko la Lisbon la mwaka 1981, la chama cha madaktari wa dunia, linasema mgonjwa ana haki ya kuchagua daktari na kumbadilisha, na ya kuomba maoni ya mwingine wakati wowote. Maana yake kuondoka kwako hakukuwa kosa la kukufungia mlango. Usibishane naye. Mwambie muuguzi mkuu unaomba daktari mwingine katika nyumba hiyo hiyo, kwa fishi hiyo hiyo. Ikishindikana, kuna daktari mkurugenzi wa hospitali, na ofisi yake huwa haijafichwa.

Naomba madaktari wanaosoma safu hii wanivumilie kidogo. Mgonjwa aliyewaacha na akarudi amepita mbele ya duka la dawa, chumba cha maombi, ushauri wa shangazi na aibu yake mwenyewe ili afike kwenye kiti kile. Neno la kwanza mtakalompa ndilo litakaloamua kama atasema ukweli au atasema anachodhani mnataka kusikia. "Karibu tena, Mama, tuone kidonda" linawatosha ninyi wote wawili. Maswali ya ulikuwa wapi yaulizwe baadaye, kwa sababu majibu yake ni sehemu ya uchunguzi, na anayeogopa hatayatoa. Kama bado mna uchungu naye, mwambieni mwenzenu chumba cha pili. Nasi wauguzi tuko, tumezoea kusikia.

Mdogo wangu, usitunge hotuba. Mwanzo wako uwe huu, uuseme kabla hajauliza: "Dokta, niliacha dawa, nikatumia huu unga, hata kabla ya hapo nilikuwa nameza nusu kwa sababu ya pesa. Sasa nina kidonda mguuni na hakiumi." Sentensi hiyo ya mwisho itamwamsha kuliko machozi.

Nenda asubuhi hujala, ili wakipima sukari wapate ile ya kabla ya kula, ila maji unywe kama kawaida. Weka kwenye mfuko fishi ya zamani kama unayo, unga, vidonge vilivyobaki, na matokeo ya kituo cha afya. Vaa kiatu kilichofungika ambacho hakibani, si kandambili. Na beba chakula chako, yai na kipande cha muhogo au ndizi ndogo, ule mara watakapomaliza kutoa damu, kwa sababu kule utakaa mpaka mchana.

Yaya